Kujenga Kijumba cha Ndege kwa Ubao Mmoja

Kijumba cha ndege ni kazi ndogo ya useremala ambayo mtu asiye fundi anaweza kuianza asubuhi na kuimaliza kabla ya jua kuzama, akiwa na ubao mmoja, msumeno, nyundo na keekee. Ugumu wake hauko katika kukata wala kugongomea. Uko katika kukumbuka, tangu mstari wa kwanza wa penseli hadi skrubu ya mwisho, kwamba atakayekaa humo ni ndege, na kwamba mengi yanayompendeza mtu anayekitazama kijumba kutoka dirishani humdhuru ndege au humfukuza kabisa.

Mimi hayo niliyajua kwa hasara. Kijumba changu cha kwanza nilikipaka rangi nyekundu ndani na nje, nikakipiga msasa hadi kikateleza kama sahani, nikakitoboa tundu pana la kuingilia, na chini ya tundu nikachomeka kijiti ili ndege apate mahali pa kutua. Kilikaa mtini misimu miwili. Siku niliyokifungua nilikuta maji yaliyotuama juu ya sakafu, majani yaliyooza na buibui mmoja aliyenona. Unyoya haukuwamo hata mmoja. Rangi, msasa, upana wa tundu, kijiti na sakafu isiyopitisha maji vyote vilikuwa makosa, na sababu ya kila kosa itaonekana tutakapofika mahali pake.

Ndege gani huingia kijumbani

Si kila ndege anayeonekana bustanini ni mpangaji mtarajiwa. Kwera hujisukia kiota chake kwa majani mabichi, chozi hukining'iniza kiota chake kwenye ncha ya tawi, na njiwa hupanga vijiti vichache tu penye panda la mti. Hawa hata ukiwajengea jumba la ghorofa hawataingia. Kijumba kinawafaa ndege wanaotaga ndani ya matundu. Miongoni mwao kigogota hujichimbia mwenyewe kwa mdomo wake, lakini wengine, kama vile shomoro, kwezi wa aina kadhaa na baadhi ya bundi, hawana uwezo huo. Hutegemea mashimo yaliyoachwa na kigogota, nyufa za kuta, au matumbo ya miti mizee iliyooza, na katika bustani iliyotunzwa vizuri mti wa namna hiyo ndio wa kwanza kukatwa. Kijumba, basi, ni badala ya shimo la mti mkongwe, na kadiri kinavyofanana na shimo hilo kwa giza, ukavu na ukwaru wa kuta zake, ndivyo kinavyopata wakazi.

Fikra hii si ya jana. Charles Waterton, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1782 na 1865 na kuligeuza shamba lake la Walton Hall kuwa hifadhi, hutajwa mara nyingi miongoni mwa watu wa kwanza waliowajengea ndege wa porini mahali pa kutagia kwa nia ya kuwalinda.

Tundu ndilo linaloamua

Kabla ya kununua ubao, amua ukubwa wa tundu la kuingilia, kwa maana milimita chache ndizo zinazochagua nani aingie na nani abaki nje. Tundu la milimita 25 hupitisha ndege wadogo sana tu. La milimita 28 huwafaa wale waliowazidi kidogo. Shomoro wa majumbani huhitaji milimita 32. Kwezi wa Ulaya huhitaji milimita 45. Watu wengi hudhani kwamba tundu pana ni ukarimu. Si hivyo: tundu likizidi, ndege mkubwa huingia na kumtoa mdogo, na mkono wa paka au mdomo wa kunguru hupata njia ya kuyafikia makinda.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Kwezi wa Ulaya walifunguliwa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1890, wakazaliana na kuenea, nao wakaanza kuwanyang'anya ndege wa kienyeji matundu yao, akiwamo ndege mdogo mwenye mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya kutu anayependwa sana huko. Wanaomjengea ndege huyo hutoboa tundu la milimita 38: yeye hupita, na kwezi hubaki akichungulia.

Ikiwa hujui ndege gani wa matunduni wanaishi karibu nawe, anza na milimita 32. Kulipanua tundu baadaye ni kazi ya dakika chache kwa tupa, ilhali kulipunguza kunataka kipande kingine cha ubao au bati.

Kuhusu kijiti cha kutulia, kiache. Ndege wa matunduni hushika ukingo wa tundu kwa kucha na kuzama ndani bila msaada wowote. Anayenufaika na kijiti ni adui, ambaye hupata mahali pa kusimama akisubiri kichwa cha kinda kitokeze.

Ubao na vipimo vyake

Tafuta ubao wa upana wa milimita 150, unene wa milimita 15 na urefu wa mita 1.5. Unene usipungue hapo, kwa sababu ubao mwembamba hupinda, hupasuka, na huruhusu joto la mchana na baridi ya usiku kupenya hadi kwa makinda. Msonobari wa kawaida unatosha. Mwerezi hudumu zaidi katika mvua. Plaiwudi ya ndani ya nyumba huachana tabaka kwa tabaka baada ya mvua kadhaa, na ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi hufura kama mkate uliolowa, kwa hiyo viepuke vyote viwili. Epuka pia mbao zilizolowekwa katika dawa ya kuua wadudu, kwa kuwa makinda huzaliwa bila manyoya na hulala wakiwa wamegusana na mbao hizo kwa wiki kadhaa. Ubao mkuukuu ni mzuri, mradi hauna rangi ya zamani inayobanduka wala harufu ya dawa.

Katika ubao huo utapata vipande sita: ubao wa nyuma wenye urefu wa milimita 400, ubao wa mbele wa milimita 200, kuta mbili za ubavuni ambazo kwa pamoja zitatoka katika kipande kimoja cha milimita 450, sakafu ya milimita 120, na paa la milimita 225. Jumla ni milimita 1,395. Zinazobaki ni za unene wa msumeno na za makosa, ambayo hayakosekani. Ukipata ubao mnene zaidi, usibadili chochote isipokuwa sakafu: toa unene wa kuta mbili katika milimita 150, na kinachobaki ndicho kipimo chake.

Kuta za ubavuni zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza mbao. Paa huinama kuelekea mbele ili maji yatiririke mbali na maungio ya nyuma, hivyo kila ukuta wa ubavu huwa na milimita 250 upande wa nyuma na milimita 200 upande wa mbele. Chukua kile kipande cha milimita 450, na kutoka mwisho mmoja pima milimita 250 kwenye ukingo wa kushoto na milimita 200 kwenye ukingo wa kulia, kisha unganisha alama hizo mbili kwa mstari mmoja wa mshazari. Ukikata juu ya mstari huo, unapata kuta mbili zinazolingana bila kutupa hata kipande. Zilaze moja juu ya nyingine uhakikishe. Zikitofautiana kidogo, zibane pamoja kwenye jiliwa na kuzipiga randa kwa wakati mmoja.

Nyuzi za mbao za kuta zote zisimame wima, kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa maji ya mvua hufuata nyuzi hizo na kudondoka, badala ya kuganda njiani na kuozesha ubao. Vipimo nilivyotoa vinalifanya hilo lenyewe, ila ukitumia vipande vya mabaki ni rahisi kusahau.

Kutoboa na kuandaa kabla ya kuunga

Tundu hutobolewa kabla ya kijumba kuungwa, wakati ubao wa mbele ungali umelala juu ya meza. Ukingo wa chini wa tundu uwe angalau milimita 125 juu ya sakafu, ili paka akiingiza mkono asifikie kiota, na ili makinda wasitoke kabla ya siku yao. Kwa kuwa sakafu ina unene wa milimita 15 na itainuliwa milimita 5 kutoka chini, pima milimita 145 kutoka ukingo wa chini wa ubao wa mbele: hapo ndipo tundu linapoanzia. Kwa tundu la milimita 32, kitovu chake kitakuwa milimita 161 kutoka chini na milimita 75 kutoka kila ubavu.

Tundu la milimita 45 halina nafasi ya kutosha katika ubao huu wa mbele. Ukimkusudia kwezi, ongeza milimita 100 katika urefu wa ubao wa mbele, wa nyuma na wa kuta, na ukiweza tafuta ubao mpana zaidi, kwa sababu naye ni ndege mwenye mwili.

Weka kibao cha taka chini ya kazi kabla ya kutoboa, la sivyo biti ikitokea upande wa pili itang'oa vibanzi. Asiye na biti pana ya duara achore mduara kwa penseli, atoboe vijitundu vingi vidogo vikifuatana ndani ya mstari, atoe kitovu kwa patasi, kisha alainishe ukingo kwa tupa. Ukingo huo ndio mahali pekee pa kijumba panapohitaji msasa, kwa kuwa mzazi hupita hapo mara nyingi mno kila siku akileta chakula, na kibanzi kimoja huweza kumng'oa manyoya.

Upande wa ndani ni kinyume. Geuza ubao wa mbele, na chini ya tundu chora mistari sita au saba ya kulala, ukiikwaruza kwa ncha ya msumeno hadi iwe na kina cha milimita mbili hivi, ikiachana kwa milimita 10. Hiyo ndiyo ngazi ya makinda. Siku ya kutoka, kinda hupanda ukuta huu kwa kucha zake, na ukuta uliopigwa randa na msasa huwa kwake kama kisima: yumo ndani, mwanga anauona, ila hana pa kushika.

Sakafuni toboa matundu manne ya milimita 8 karibu na pembe, ya kutolea maji. Juu ya kila ukuta wa ubavu, milimita 25 chini ya mahali paa litakapokaa, toboa matundu mawili ya milimita 6 ya kupitishia hewa. Penye joto kali yawe matatu.

Kuunga

Tumia skrubu zisizoshika kutu, za urefu wa milimita 40, au misumari ya kiasi hicho. Skrubu ni bora kwa sababu siku kijumba kikihitaji kubadilishiwa kipande, bisibisi inatosha. Kila mahali pa skrubu patobolewe kwanza kwa biti nyembamba, kwa maana sehemu nyingi ziko karibu na ukingo wa ubao na hapo ndipo hupasuka. Gundi haihitajiki, na nyufa ndogo za maungio hazidhuru.

Anza kwa kuifunga sakafu katikati ya kuta mbili, ikiwa juu ya kingo zao za chini kwa milimita 5. Nafasi hiyo ndogo huzuia maji yanayoteremka ukutani yasinywewe na sakafu kwa chini. Urefu wa milimita 120 ndio utakaokaa kati ya kuta, na upana wa milimita 150 uelekee nyuma na mbele. Kisha funga ubao wa mbele juu ya kingo fupi za kuta. Utaona kwamba ncha yake ya juu imejitokeza juu ya mshazari wa kuta kwa takriban milimita 5; iteremshe kwa randa ikifuata mshazari huohuo, la sivyo paa litakaa juu yake na kuacha uwazi ubavuni.

Ubao wa nyuma hufungwa mwisho, ukiacha milimita 75 juu na milimita 75 chini ya kijumba, nazo ndizo zitakazopokea skrubu au waya wa kutundikia.

Paa lazima lifunguke, kwa sababu kijumba kisichofunguka hakisafishiki. Bawaba za chuma zinafaa, ingawa nyingi hukwama kwa kutu. Mimi natumia ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, wenye upana wa milimita 60 na urefu wa milimita 150. Nusu yake hupigiliwa kwenye ubao wa nyuma na nusu nyingine juu ya paa kwa misumari mifupi yenye vichwa bapa, na hivyo mpira mmoja unakuwa bawaba na pia kizuizi cha maji kwenye mwungano ulio hatarini kuliko yote. Kabla ya hapo, lipige randa paa kwenye ukingo wake wa nyuma kwa mshazari wa nyuzi 18 hivi ili liukumbatie ubao wa nyuma. Mbele litatokeza kama milimita 50, kivuli cha kutosha juu ya tundu. Kisha weka kulabu ndogo kila ubavu ili upepo au kima mdadisi asilifunue.

Ndani usipake chochote. Nje unaweza kupaka mafuta ya kitani, au rangi ya maji isiyo na sumu yenye weupe au ukijivu tulivu, kisha uache kijumba kipungiwe na upepo hadi harufu iishe kabisa. Nyekundu yangu ya kwanza ilikuwa tangazo kwa kila kunguru wa jirani. Ukitumia mafuta ya kitani, usivikunje vitambaa ulivyofutia na kuvitupa kwenye pipa, kwa sababu hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka; vitandaze nje mpaka vikauke. Paa la bati tupu halifai mahali penye jua kali. Bati lina kazi moja tu njema hapa: kisahani chake chenye tundu la kipimo kilekile, kikipigiliwa kuuzunguka mlango, humzuia kindi au kigogota asiupanue.

Mahali pa kutundika

Kimo cha mita 2 hadi 4 kinatosha kwa ndege wengi wadogo. Muhimu kuliko kimo ni jua na upepo: tundu lisielekee jua kali la mchana wala upande ambao mvua hutokea kwa kishindo. Mbali kaskazini ya ikweta, ambako jua la mchana hukaa kusini, huelekezwa kati ya kaskazini na mashariki; mbali kusini ya ikweta, kati ya kusini na mashariki. Karibu na ikweta tazama zaidi jua la alasiri na upepo wa mvua wa mahali pako. Kijumba kiinamishwe mbele kidogo, matone yasiingie, na mbele ya tundu kuwe na uwazi ili ndege aje moja kwa moja bila kupenyeza matawi.

Juu ya mti ulio hai, ni vizuri zaidi kufunga kwa waya uliopitishwa ndani ya kipande cha mpira wa maji kuliko kupigilia misumari, na waya huo ulegezwe kila mwaka kwa kuwa shina hunenepa. Mahali penye paka wengi ningechagua nguzo ya chuma kuliko mti. Usikitundike karibu na meza ya kulishia ndege, kwa sababu msongamano wa wageni humtia wasiwasi mwenye mayai. Shomoro hupenda majirani, hivyo vijumba viwili au vitatu vinaweza kukaa pamoja. Ndege wengi wengine hulinda eneo lao, na kijumba cha pili karibu yao hubaki kitupu.

Kitundike mapema kabla ya msimu wa kutaga, na usikijaze nyasi wala pamba, maana ndege huchagua mwenyewe vifaa vya kiota chake. Kikikaa mwaka mzima bila mtu, kiache. Kikikaa miwili, kihamishe.

Uangalizi

Wazazi wakianza kuingia na chakula mdomoni, tazama kwa mbali na usifungue paa. Makinda waliokaribia kuruka wakishtuliwa hutoka kabla mbawa hazijakomaa. Katika nchi nyingi, kuharibu kiota chenye mayai au makinda ni kosa kisheria. Nyigu wakianza kuning'iniza kiota chao chini ya paa, subiri kijumba kiwe kitupu, ukikwangue, kisha usugue sehemu hiyo kwa sabuni ya mche iliyo kavu, ambayo hufanya vikonyo vya viota vyao visishike. Nyuki wakiingia, waite wanaojua kuwahamisha. Dawa ya kuua wadudu isiingie humo kamwe.

Msimu ukiisha, na baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anayetumia tena kiota, vaa glavu na ufunike pua na mdomo, utoe kiota chote, kisha umimine maji yanayochemka ndani na kuacha paa wazi hadi mbao zikauke kabisa. Maji hayo huwaua viroboto na utitiri waliobaki wakisubiri makinda wa mwaka ujao. Wakati paa liko wazi, pitisha kijiti katika matundu ya sakafu, kaza skrubu, na pima tundu la mlango kwa rula. Likiwa limetafunwa na kuongezeka milimita 3 au 4, fungua skrubu za ubao wa mbele na ukate mwingine wa milimita 200, ukikumbuka kukwaruza ile ngazi upande wa ndani kabla ya kuurudisha.